Vigae Vipya na Kimo cha Mpishi Mkuu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo anastaafu. Jina lake rasmi analijua ofisa utumishi. Sisi wengine tunamwita Mama Simama, kwa kuwa hakuna mtu wa hospitali hii aliyewahi kukaa kitini mbele yake akamaliza chai kwa amani.

Alianzia katika chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, akiwa na kitanda kimoja na vyuma viwili vya kunyanyua, kimoja kikiwa na kazi ya kuzuia mlango. Humo amewafundisha kinamama waliokoma hedhi na wazee waliovunjika nyonga kwa kuteleza bafuni kwamba mfupa ni kama mtumishi: ukinyimwa kazi na chakula, unaacha kazi bila kuandika barua. Maziwa, dagaa, mboga za majani, jua la asubuhi, kutembea kwa haraka. Sigara kwaheri. Kizulia kinachoteleza, kwaheri pia.

Kila mwajiriwa mpya alivuliwa viatu, akasimamishwa kwenye fremu ya mlango wa chumba hicho na kupigiwa alama ya penseli. Kila Januari akapigiwa nyingine. Tulidhani ni utani wake wa kufungua mwaka.

Kisha mwaka mmoja sakafu ikawekwa vigae juu ya saruji ya zamani, na fremu haikuguswa. Januari ilipofika, loo, sote tumerefuka! Mhasibu, aliyelisubiri jambo hili tangu ujana wake, alipeleka suruali kwa fundi zishushwe pindo. Mama Simama alicheka pamoja nasi hadi ilipofika zamu ya mpishi mkuu. Alama yake iliangukia palepale pa mwaka uliotangulia.

Mpishi hakuona tatizo. Mtu wa umri wake akibaki alivyo, alisema, ashukuru Mungu. Lakini Mama Simama alikuwa ameshaacha kucheka. Alimweleza kwamba vigae vimempandisha kama vilivyotupandisha sisi, kwa hiyo kama yuko palepale, basi mwili wake umeshuka. Je, mgongo? Mpishi akakiri unamuuma, ila akataka kujua ni nani abebe masufuria ya wodi zote mgongo usimuume. Akashikwa mkono, aproni ikiwa bado mwilini, akapelekwa kwenye kipimo cha mifupa.

Mifupa ilikuwa imekonda, na pingili moja ya uti wa mgongo ilikuwa imebonyea kimyakimya. Daktari alisema masufuria yale yangeweza kuvunja nyingine wakati wowote. Mpishi akaanza dawa, masufuria yakapata wabebaji wengine, naye akawa mwanafunzi wa Mama Simama kila asubuhi kabla ya kuwasha majiko. Hadi leo hajavunjika mfupa, na bado anatugombeza kutoka jikoni tukasikia maabara. Mhasibu alirudisha pindo.

Wiki iliyopita mpishi alimgeuzia kibao mwalimu wake: akamvua viatu, akamsimamisha mlangoni, akashika penseli. Mstaafu mtarajiwa alijaribu kuinua visigino, tukapiga kelele. Alama iliangukia palepale pa ile ya Januari, sawasawa.

Ahsante, Mama Simama. Tumeomba fremu ile isipakwe rangi, na penseli tumemkabidhi mpishi. Uje kila Januari. Tunakutakia umri mrefu na kimo kilekile.