Mzee Povu na Kichupa Chake cha Sabuni

Mzee wetu, aliyefahamika mtaani kwa jina la Povu, alifariki dunia Alhamisi tarehe 14 Septemba 2023, saa kumi na moja na nusu alfajiri, katika wodi ya wanaume ya hospitali ya mji, akiwa na umri wa miaka sabini na saba. Familia inaomba ieleweke tangu mwanzo kwamba jina hilo hakupewa kwa sababu ya hasira, ingawa hasira alikuwa nazo, bali kwa sababu ya kazi yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1946, katika nyumba ya vyumba viwili chini kidogo ya pampu inayovuta maji mtoni, akiwa mtoto wa tatu wa fundi bomba na mshonaji nguo. Alianza shule ya msingi mwaka 1954, akasoma bila kuwasumbua walimu wala kuwafurahisha, hadi siku moja ya mwaka 1960 mwalimu wa sayansi alipoingia darasani na chupa mbili, moja ya maji ya mvua na nyingine ya maji ya kisima, akatia sabuni katika zote mbili, akazitikisa, ya kwanza ikajaa povu na ya pili ikabaki kama maji yaliyooshewa mchele. Kwa maelezo ya dada yake mkubwa, mtoto huyo alirudi nyumbani kama aliyerogwa, akatikisa kila chupa aliyoikuta, pamoja na ya dawa ya kikohozi ambayo haikuwa na kifuniko. Mwaka 1966 alihitimu chuo cha ufundi, akiwa na cheti cha upimaji wa maji.

Tarehe 1 Julai 1967 aliajiriwa katika mtambo wa maji wa mji, kwenye maabara ya chumba kimoja yenye sinki na dirisha linalotazama machujio, akaanza kama msaidizi na kustaafu kama mpimaji mkuu tarehe 30 Juni 2001. Mto wetu, kama alivyopenda kuwaeleza hata wasiomuuliza, una tabia mbili: wakati wa mvua huleta maji mengi, mekundu kwa udongo lakini laini, na wakati wa kiangazi hubaki na maji ya chemchemi zilizopita kwenye mawe ya chokaa, ambayo kwa macho ni safi kabisa lakini ni magumu, hula sabuni bila kutoa povu na huacha ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko huo marehemu alikuwa akiwaonyesha wageni kabla hawajaonyeshwa pa kukaa. Mfukoni alikuwa na kichupa cha sabuni ya maabara, na wenzake kazini wanakumbuka kwamba hakuhudhuria harusi hata moja bila kupitia kwanza jikoni, kwenye bomba.

Ndoa yake ilifungwa Jumamosi tarehe 11 Desemba 1971, na ilikuwa nusura isifungwe, kwa sababu siku aliyokwenda kujitambulisha ukweni aliletewa glasi ya maji, akatoa kichupa, akatia matone, akatikisa mbele ya baba mkwe, ambaye aliuliza kwa upole kama kijana ametumwa na mtu. Aliyemwokoa ni kaka wa binti, dobi mwenye duka la kufulia nyuma ya stendi, aliyesema, "Baba, huyu anapima maji tu, mwache. Ni bora kuliko yule wa mwezi uliopita, aliyepima nyumba." Kuanzia siku hiyo dobi na marehemu walikuwa shemeji walioshibana, mmoja akipima maji ya mji na mwingine akiyafulia, na watoto wanne waliozaliwa kati ya 1973 na 1984, binti wawili na wavulana wawili, walikua wakiamini kwamba kila familia hujadili povu mezani.

Familia ilikubaliana kwamba linalofuata lisomwe kama lilivyokuwa, kwa sababu wengi mliopo mlilisikia nusu. Katika kiangazi cha mwaka 2006, kilichokuwa kikali kuliko kawaida, mashati meupe kwenye duka la dobi yalianza kuwa ya kijivu, makavu kama kadibodi, na dobi akawaambia wateja kwamba maji yamekuwa magumu. Habari ilimfikia marehemu, akiwa mstaafu lakini bado mwenye mtambo moyoni, na Jumamosi tarehe 19 Agosti alikwenda dukani, akakinga maji kwenye bomba la dobi mwenyewe, akatia matone yake, akatikisa, povu likapanda hadi shingoni mwa chupa. Mbele ya wateja waliokuwa wamepanga foleni alisema, "Maji ni laini. Tafuteni kasoro kwenye mkono." Dobi alimtazama, akamjibu, "Shemeji, mkono huu ndio uliokufungulia mlango," kisha akaendelea kukunja nguo.

Wateja waliliamini povu, kwa kuwa waliliona, na kabla ya mvua kuanza nusu yao walikuwa wamehamia kwa dobi mwingine, aliyekuwa akifulia maji ya mto uleule. Mashemeji hao walinuniana kwa zaidi ya miaka saba, wakakutana kwenye misiba na harusi za watoto bila kusalimiana, kila mmoja akimtuma mama wa nyumba hii, mke wa mmoja na dada wa mwingine, ambaye alichoka mapema lakini hakuwa na wa kumwambia.

Jumapili tarehe 2 Februari 2014, baada ya chakula cha mchana, marehemu alikuwa akiwaonyesha wajukuu kichupa chake pale mkewe alipopita na sahani, akasema, "Naona kimeisha tena. Nikujazie?" Marehemu aliuliza, "Unajazaga na nini?" Mama akajibu, "Sabuni ya vyombo, hii ya limau. Ile yako ya kazini iliisha zamani, mwaka ule aliozaliwa huyu mkubwa, na wewe ulivyo, ungekaa unahangaika." Mjukuu huyo mkubwa alizaliwa mwaka 2005. Marehemu aliuliza kama sabuni hiyo hutoa povu wakati wa kiangazi, na mama akacheka: "Baba Watoto, hiyo hata ukiitia kwenye maji ya chumvi inatoa povu. Ungekuwa unaosha vyombo ungejua."

Kuomba radhi hakukuwa katika mafunzo ya marehemu. Alianza badala yake kupeleka nguo kwa shemeji yake, kila Jumatatu, nyingine zikiwa hazijavaliwa, na mama alipomwambia kwamba shati lile limetoka kwa kaka juzi tu, alijibu kwamba limeshika vumbi. "Vumbi la kabatini?" "Kabati halifungi vizuri." Dobi alizipokea, akazifua, akazirudisha zimekunjwa, bila neno, kwa miaka tisa.

Mwezi Juni 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa tarehe 28 Agosti, na daktari alipomshauri anywe maji ya kutosha aliuliza, "Ya wapi?" Jumapili tarehe 10 Septemba dobi aliingia wodini kwa mara ya kwanza, akiwa na chupa ya maji ya dukani kwake na kipande cha sabuni ya mche, akakikwangua kwa kisu, akatia ndani, akamkabidhi mgonjwa. Mikono ya marehemu haikuwa na nguvu, hivyo dobi aliishika pamoja na chupa, wakatikisa wote wawili, na maji yakawa meupe bila povu hata kidogo. Marehemu aliyatazama, akasema, "Magumu." Dobi akasema, "Mimi nilisema maji, wewe ukasema mkono." Marehemu alijibu, na muuguzi aliyekuwa akihudumia kitanda cha pili alisikia, "Mkono hauna kasoro, shemeji. Waambie wateja nimesema."

Wateja, mmeambiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kumvumilia, wafanyakazi wa mtambo wa maji walioendelea kumpigia simu kila mto ulipopungua, na majirani waliofungua milango na mabomba yao alipopita na kichupa. Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa na shemeji mmoja.

Lala kwa utulivu, Mzee Povu. Shati ulilovaa leo limefuliwa jana asubuhi na shemeji yako, kwa maji ya mvua aliyoyakinga mwezi wa tano, na limetoka jeupe.