Mtu wa Kumi

Ndugu zangu, heri ya Sikukuu ya Vibanda. Wazee wetu, shikamooni. Na ninyi majirani mliotoka kitongojini na kule machimboni, mwadila. Karibuni, kaeni kwa kujinafasi. Wewe uliye karibu na nguzo ile usiiegemee, mabua hayo tumeyafunga jana kwa haraka.

Mama ameniomba niseme kwa kifupi na bila hasira. Kwa kifupi nitajaribu.

Nataka kusimulia yaliyompata baba yangu, na jinsi sisi tuliobaki tulivyosimama tena. Sitamtaja mtu jina, ndivyo tulivyokubaliana. Ila huyo ninayemsema yupo hapa, amekaa, amekunywa chai yetu, na masikio anayo. Nami nataka asikie.

Kwa wageni wasiotujua, sisi ni Wayahudi wa hapa hapa. Baba yangu alikuwa Msukuma, mkulima wa mpunga. Aliisoma Torati mpaka kurasa zikaachana, akasema mimi nakaa hapa. Wenzetu wa mbali wakamletea vitabu vya sala, akajifunza, akafundisha, familia nane zikamfuata. Jumamosi tunapumzika. Kambale hatuli. Tunaomba kwa Kiebrania cha kubabaisha na Kisukuma kilichonyooka. Mlikuwa mkitutania kwamba ni Wasabato wasio na kwaya, na tulicheka pamoja nanyi. Tulizikana, tukaazimana majembe.

Mimi ni fundi wa matimba, yaani zile nguzo tunazosimamisha ndani ya duara ili shimo lisiwaangukie wachimbaji. Na kila Ijumaa mchana baba alikuwa akipita machimboni na fimbo yake, anasimama kwenye mdomo wa duara, anatuita sisi watu wake tulioko chini: "Ninyi, kesho msishuke!" Alitukumbusha Sabato, basi. Kila Ijumaa, miaka na miaka. Wenzetu wa imani nyingine walimjibu kutoka chini, "Sawa mzee, kesho tunashuka sisi!" Anacheka, anaondoka.

Jumamosi moja ya masika duara lile likatitia, na vijana wanne wakafukiwa. Sisi tulikuwa kwenye sala. Tuliposikia mayowe, baba mwenyewe alifunga kitabu, akasema Sabato inavunjwa kwa ajili ya uhai, kimbieni. Tulichimba hadi kucha zikang'oka. Tuliwatoa wote wanne, na wote walikuwa wamekufa. Mmoja wao nilimfundisha kazi mimi mwenyewe.

Jumatatu kikaitishwa kikao cha machimbo. Msimamizi akauliza, imekuwaje hakuna Myahudi hata mmoja aliyekufa? Ndipo akasimama mmoja wetu. Si jirani, si mpita njia. Ni mtu wa sala yetu, ambaye baba alimfungisha ndoa na kumpa sehemu ya kulima. Aliogopa kufukuzwa kazi, ndivyo asemavyo sasa. Akasema, "Mzee alituambia Ijumaa tusishuke kesho yake." Akakaa.

Ndugu zangu, nawaambia, hakusema uongo, na hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Mwongo ningemshika. Huyu alisema kweli akaikata katikati. Alibakiza maneno machache tu: kama anavyosema kila Ijumaa. Nusu ya watu wa kikao kile walikuwa wamemsikia baba kwa masikio yao wenyewe, lakini walikuwa wametoka kuzika, walitaka mtu wa kumkamata.

Jua halijazama, umati ulikuwa uwanjani kwetu. Waling'oa bati za nyumba ya sala, wakatupa vitabu kwenye tope. Baba akaitwa mchawi, kwamba amewatoa vijana kafara. Mnajua neno hilo linavyomfanya mzee katika nchi hii ya Usukuma. Isingekuwa mwenyekiti wa kitongoji kujitandaza mlangoni, tungemzika siku ile ile. Baba aliondoka nyuma ya pikipiki, kwa dada yake huko Kharumwa, na nguo alizovaa. Aliishi kule miezi michache bila kusema sana, na mvua za mwanzo zilipoanza kunyesha akafa. Daktari alisema ni moyo. Mimi nina jina lingine la ugonjwa huo, na lina miguu miwili.

Sasa nimseme Mama, hata akiniangalia vibaya. Mama huyu hakunizaa, ndivyo sote tunavyomwita; ni mjane, anauza michembe, vile viazi vitamu vikavu, kwenye machimbo, Kiebrania hasomi hata herufi. Wanaume waliokuwa wakisoma walikuwa wanafunga mizigo. Familia tatu zilihamia Kahama, moja ikaenda Bukombe. Wiki ile ile ya fujo, Mama alipita kwa miguu nyumba kwa nyumba, kwa sisi tuliobaki, akisema, "Ijumaa mje kwangu na masufuria yenu. Hakuna atakayekula Sabato peke yake tena." Tukaenda, tukala, tukitazamana kama watu walionusurika ajali. Ijumaa iliyofuata akatupeleka nyumba nyingine, na iliyofuata nyingine, ili kila jirani aone kwamba bado tupo.

Na alifanya jambo ambalo mimi nililipinga kwa sauti. Aliwachukua wanawake wetu, wakabeba kuni na maji, wakaenda kwenye misiba ya wale vijana wanne. Wakafukuzwa. Kesho yake wakarudi, wakakaa nje ya boma, kwenye jua. Siku ya tatu mama mmoja aliyefiwa akatoka, akawapa sufuria la kusugua. Wakalisugua, wakaingia. Mimi nilikuwa nyumbani nanoa panga.

Naam, nilinoa panga. Kwetu sisi, mzazi akifa, mwanawe humsomea Kadishi, sala ya kulitukuza jina la Mungu, kwa miezi kumi na moja. Huwezi kuisoma peke yako. Lazima wawepo watu wazima kumi wa kuitikia amina, na hapa kwetu tunahesabu wanaume na wanawake. Tulikuwa tisa. Sabato ya kwanza baada ya baba kufa nikasimama na kitabu, nikahesabu, nikakifunga, nikakaa. Baba aliyewafundisha wote kuomba hakuwa na watu wa kumwombea. Jumapili asubuhi nikaenda machimboni kabla wachimbaji hawajafika.

Yule mtu alikuwa ameshapata kazi duara jingine, na matimba ya humo nilikuwa nimeyasimamisha mimi. Nilijua yeye anafanya kazi upande gani, nilijua nguzo ipi inabeba upande ule. Nawaambia wazi, mbele ya watoto wake: nilikuwa nimeshaichagua. Nilikuwa mdomoni mwa shimo nashika kamba ya kushukia nilipomwona Mama anakuja na beseni lake la michembe kichwani.

"Mwangaluka, baba," akaniamkia.

"Mwangaluka, mayu."

"Hilo panga la nini? Nguzo zinakatwa porini, hazikatwi shimoni."

Akatua beseni, akakaa juu ya mawe.

"Tuko wangapi?" akaniuliza.

"Tisa."

"Na Myahudi wa kumi katika kijiji hiki ni nani?"

Nilijua ni nani. Nikamwambia, "Huyo hapana, mayu. Bora baba asisomewe."

"Hilo umeliamua wewe, au baba yako?" Akalisogeza beseni kando. "Usifikiri nampenda. Kwa ajili yake nimerudi na beseni limejaa wiki ngapi? Ila nisikilize. Kile kikao kilimwamini yeye. Wewe unaweza kupiga kelele mpaka kesho, wewe ni mtoto wa mchawi. Anayeweza kumsafisha baba yako ni yule aliyemchafua, na lazima awe hai. Ukimfukia leo, maneno yake yanabaki vile vile alivyoyaacha. Na watakaokuja kutuchoma safari hii, nitawaambia nini?"

Sikulia, ndugu zangu, kama mnavyosikia kwenye shuhuda nyingine. Nilitukana. Nilitukana matusi yote ya machimboni mbele ya mwanamke ninayemwita mama, naye alikaa pale akatafuna michembe mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Nibebee beseni." Nikalibeba. Panga nikamkabidhi yeye.

Ni Mama aliyekwenda kumwita. Alimkuta anakula peke yake, kwa sababu na wachimbaji wenyewe walishamkwepa: aliyemuuza mzee wake, sisi atatuachaje? Sabato iliyofuata akaja, akasimama nje ya mlango. Mama akamwambia, "Ingia. Amina ya nje siihesabu." Akaingia. Nikasimama, nikasoma Kadishi ya baba yangu, na yule mtu akaitikia.

Miezi kumi na moja. Nilikuwa nikisoma polepole, makusudi, ili asimame muda mrefu. Kila amina niligeuka nikamtazama usoni. Siku nyingine alilia. Nilifurahi. Sabato moja malaria ilimshika, hakutokea. Nikamfuata kwa miguu mpaka kitandani, nikamwambia, "Utakufa siku nyingine, leo nakuhitaji." Nikamkokota begani, anatetemeka, jasho lake linaniloa shingo. Aliitikia amina zote. Nikamrudisha kwake, nikampikia uji, kwa sababu Sabato iliyofuata nilimhitaji pia.

Wakati mimi nahesabu amina, Mama alikuwa akijenga. Ile zamu ya Ijumaa iliwafikia waliokimbilia Kahama. Aliwapelekea salamu kwamba sufuria lao lina nafasi, na miezi ya mwisho wakaanza kurudi, familia moja, kisha ya pili; tukapita kumi, lakini yule mtu sikumwachia. Bati nazo zikawa zinarudi. Tunaamka tunakuta bati limeegemezwa ukutani, aliyelileta hajulikani. Mlioleta, mpo hapa, asanteni kwa moyo wote. Mliobaki nazo, mapaa yenu nayaona nikipita.

Namshukuru mwenyekiti wa kitongoji, aliyejitandaza mlangoni. Nawashukuru wanawake wetu waliokaa juani nje ya msiba. Namshukuru yule mama aliyefiwa, ambaye alitoa sufuria siku ambayo alikuwa na haki ya kutoa mawe. Jirani yetu Mkatoliki aliyeokota vitabu vyetu kwenye tope, akavianika kwenye uzio wake mbele ya watu wote, Mungu akuzidishie. Na Mama. Mama, siwezi kukushukuru ikatosha. Panga langu bado unalo, kaa nalo.

Mnaniuliza nimejifunza nini. Wengine wakifika hapa husema wamesamehe. Mimi sijasamehe, na sitawadanganya kwenye kibanda cha sikukuu. Nilichojifunza ni kwamba watu wakitaka kuwamaliza, msitawanyike, na yule wa kwenu aliyewauza msimruhusu akimbie. Mkalisheni katikati yenu, mlisheni, mhesabuni. Akiwa mbali atalala usingizi. Akiwa kati yenu atasikia jina la aliyemuumiza kila wiki, mpaka limtoke kinywani mwake mwenyewe. Mama anasema hiyo ndiyo huruma. Mimi naiita kulipiza, na tumekubaliana tusibishane.

Sabato iliyopita miezi kumi na moja imetimia. Baba hahitaji amina yako tena, ndugu. Mama alitaka nikuachie uchague siku yako. Sikukubali, nimeichagua mimi. Mwenyekiti yupo, wachimbaji wapo, mama wa marehemu yupo, wanao wamekaa mstari wa mbele. Maneno uliyoyabakiza mimi nimeyasema hapa, lakini kwenye kinywa changu hayana kazi, mimi ni mtoto wake. Wewe ndiye waliyemwamini.

Mimi nakaa. Simama wewe, uanzie pale ulipoishia siku ile. "Mzee alituambia Ijumaa tusishuke kesho yake." Haya. Endelea.