Muuguzi Apolonia Kamuzora na Lebo Mbili za Kinondoni

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, Muuguzi Mtafiti Apolonia Kamuzora atakabidhi funguo za chumba cha sampuli na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Kumi na sita kati ya hiyo ameitumikia hapa kwetu, Kitengo cha Utafiti wa Magonjwa ya Mfumo wa Chakula, Temeke. Aliagiza wasifu huu uwe mfupi na usimpambe. La ufupi tumejitahidi. La kutompamba ametusaidia mwenyewe, maana jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya hapa lilianza na kosa lake, na ameridhia liandikwe.

Alizaliwa Muleba, akasomea uuguzi hukohuko Kagera, na mwaka 1992 akapangiwa zahanati moja Temeke. Baadaye akahamia wodini. Huko ndiko alikoanza kukosa raha. Walikuja watu wa makamo, wamekonda, choo kinatoka na damu, na kila mmoja ana historia ileile: mwaka mzima ametibiwa bawasiri, akatibiwa amiba, akatibiwa vidonda vya tumbo, kumbe ni saratani ya utumbo mpana na imeshasambaa. Kitengo chetu kilipoanzishwa mwaka 2009 kuwatafuta watu kama hao kabla hawajaumwa, aliomba uhamisho siku tangazo lilipobandikwa.

Waliowahi kufanya naye kazi wanajua kwamba hatulii. Kikaoni husimama karibu na mlango. Chai yake hupoa, humiminiwa nyingine, nayo hupoa. Simu isipopokelewa mara ya kwanza, yeye tayari anavaa viatu vya kutokea.

Na kazi yenyewe ilihitaji mtu wa namna hiyo. Kumwomba Mtanzania damu ni rahisi, mkojo si vigumu sana, lakini choo! Mwaka wa kwanza aliwaendea mafundi wa gereji za Chang'ombe na vikopo vyake, wakacheka mpaka wakakaa chini. “Sista, nyie mmekosa kabisa cha kuomba?” Naye akawaambia, bila kutabasamu, kwamba kila aliyepo pale alikwenda chooni asubuhi, na yeye anaomba kiasi cha punje ya mchele tu, apime kama kuna damu ambayo macho hayaioni. Kesho yake fundi mmoja akamletea hotipoti iliyojaa. Sista Apolonia aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akachukua kiasi cha punje ya mchele, akamrudishia chombo chake. Gereji nzima ikajiandikisha, na yule fundi akawa mpiga debe wetu mkuu.

Sasa tufike mwaka 2019.

Jumamosi moja ya Aprili tulipiga hema katika mtaa mmoja wa Kinondoni. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, watu walikuwa wengi, na karatasi za lebo zilikuwa zinalowa. Sista Apolonia aliamua kupokea vikopo kwanza, lebo abandike mwishoni, mvua ikikatika. Miongoni mwa waliofika walikuwamo Yuliana wawili. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliyewasilisha sampuli yake saa mbili asubuhi. Wa pili alikuwa mama lishe anayejulikana mtaani kwa jina la Mama Cyprian, naye alikuja saa saba mchana baada ya kumaliza kuuza.

Majibu yalipotoka, Mwalimu Yuliana alikutwa na damu iliyojificha. Mama Cyprian akaambiwa yuko salama. Mwalimu akapelekwa hospitali, akanywa dawa ya kusafisha tumbo, akapitishwa kamera ya kuangalia utumbo mpana. Hakukutwa na kitu chochote. Sote tukafurahi. Kipimo kile huweza kuonyesha damu hata pasipo ugonjwa, hilo linajulikana.

Sista Apolonia hakufurahi. Kwa siku mbili alizunguka ofisini akifungua daftari hili na lile. Siku ya tatu akamkuta Mwalimu katika daftari la hema ameandikwa saa mbili asubuhi, na katika daftari la maabara kikopo chenye jina lake kikiwa na saa saba, saa iliyoandikwa kwenye kifuniko kilipopokelewa. Akaja mezani tulipokuwa tunakunywa chai.

“Nilichanganya lebo,” alisema. “Damu si ya Mwalimu. Ni ya Mama Cyprian.”

Mwandishi wa wasifu huu, Wilfred Shayo wa takwimu, hana budi kukiri kwamba alikuwa wa kwanza kumshauri anyamaze. Alimwambia: “Sista, Mwalimu ametoka salama. Yule mwingine tumwite kimyakimya, tuseme tunarudia vipimo. Nani atajua?”

“Na asipokuja kwa sababu tumemwambia mzima?” alijibu. “Atajua mwenyewe, Wilfred. Atajua wakati haimsaidii.”

Akaenda kwa mkuu wa kitengo, Dakta Valerian, akamweleza. Akaandika taarifa kwa kamati ya maadili kwa mkono wake, jina lake likiwa juu. Yaliyofuata hayakuwa madogo. Utafiti ulisimamishwa miezi minne. Yeye akavuliwa usimamizi wa timu ya mtaani, akawekwa kupanga majalada. Vijana ambao mikataba yao ilikuwa inasubiri kuhuishwa walimpita koridoni bila shikamoo. Wapo waliosema wazi kwamba mtu mmoja ametuangusha sote kwa kujifanya mtakatifu. Tuliosema hivyo tupo hapahapa, na baadhi yetu tutakuwa tunapiga makofi ya kumuaga.

Lakini hayo aliyasikia kwa mbali, kwa sababu Mama Cyprian alikuwa hapatikani. Alikuwa amefunga banda lake na kuondoka, na simu yake haikuita. Mjumbe wa mtaa hakujua alikokwenda. Wateja wake walisema Lindi, wengine Songea. Kila siku baada ya kazi Sista Apolonia alivuka kutoka Temeke hadi Kinondoni kuuliza upya, nyumba hadi nyumba, akihesabu majuma. Wiki ya tatu, muuza maharage akamwambia kwamba Mama Cyprian ana dada yake aliyeolewa na mchonga vinyago wa Mwenge aitwaye Faraji.

Faraji hakumkaribisha kiti. “Shemeji yangu mlishamwambia mzima,” alisema huku akiendelea kuchonga. “Leo mnamtaka wa nini? Mnataka kumfanyia majaribio?”

“Nilikosea mimi, kaka. Si maabara, si daktari. Nilimpa majibu ya mtu mwingine.”

Faraji akaacha kuchonga. Akamuuliza kama hiyo inamaanisha Yuliana anaumwa. Sista Apolonia akamjibu kwamba hajui, na kwamba ndiyo sababu hapati usingizi. Akapewa namba ya jirani huko Newala, ambako Mama Cyprian alikuwa anamuuguza mama yake mzazi.

Simu ilipokelewa siku ileile. “Dada, si ulisema niko safi?” aliuliza Mama Cyprian.

“Nilisema, mdogo wangu, na haikuwa kweli. Njoo tupime tena.”

“Siwezi kumwacha mama. Na mie siumwi popote.”

Sista Apolonia akaomba likizo yake ya mwaka, akapanda basi la Newala. Alikaa huko siku nne. Hakuhubiri sana; alimwogesha mgonjwa, akambadilisha shuka, akamfundisha mke wa mdogo wake Mama Cyprian namna ya kumgeuza ili asitoke vidonda. Siku ya nne yule bibi mwenyewe akasema, “Yuliana, nenda na huyu. Mimi nina watu.” Wakarudi wote wawili.

Kamera ilionyesha uvimbe upande wa kushoto wa utumbo mpana. Ulikuwa saratani, ya hatua ya kwanza, haijatoka nje ya ukuta wa utumbo. Alifanyiwa upasuaji Julai. Miaka sita inakaribia kutimia. Mama Cyprian anapika Kinondoni, banda limekuwa na meza tano, na vipimo vyake vya kila mwaka vimetoka vizuri hadi leo.

Ingependeza kuishia hapo, lakini Sista Apolonia amekataa tuishie hapo. Yuko Mwalimu Yuliana.

Alikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi, peke yake. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho akiwa amesimama mlangoni. Katika siku zile za kusubiri kamera alikuwa amewaita wanawe watatu na kuwaambia nani atamlea nani. Mdogo alikuwa kidato cha nne, akashindwa kusoma kwa muhula mzima. “Nimewaaga wanangu, Sista,” alisema. “Unajua kuwaaga watoto kukoje?” Akafunga mlango. Sista alirudi mara mbili. Mara ya pili akaombwa asirudi tena, naye akatii. Hajasamehewa, na hajawahi kutuomba tumfariji kwa hilo.

Mwalimu aliandika barua ya malalamiko, kurasa mbili, mwandiko wa ubaoni. Ndani yake palikuwa na sentensi hii: “Mngenionyesha jina langu, ningelisoma.” Kamati ilipoturuhusu kuanza tena, Sista Apolonia, wakati huo akiwa bado wa majalada, aliipeleka sentensi ile kwa Dakta Valerian. Tangu hapo hakuna kikopo kinachopokelewa katika kazi zetu pasipo lebo kuandikwa mbele ya mwenyewe, naye kuisoma kwa sauti. Asiyejua kusoma husomewa na mtu aliyemleta. Tunaiita Kanuni ya Mwalimu. Haijatokea lebo kuchanganywa tena.

Mwaka 2021 alirudishiwa usimamizi. Amewafundisha wauguzi wengi waliopo mtaani sasa. Jenipher, anayeshika nafasi yake, anasema alirudishwa mara nne siku moja kutoka Kinyerezi hadi ofisini kwa sababu ya tarakimu moja iliyoandikwa kama saba lakini ikaonekana kama moja. Alilia. Leo naye anawarudisha wengine.

Mwezi huu Dakta Valerian alimtaka apumzike, asaini tu karatasi. Yeye akaomba orodha ya watu waliokutwa na damu na hawajarudi kupimwa kwa kamera. Walikuwa kumi na tisa. Hadi tunapoandika amewapata kumi na sita: mmoja alikuwa amehamia Mbagala, mmoja alijificha chumbani mkewe akisema hayupo, mmoja alikuwa amefariki kwa ajali na Sista akakaa msibani hadi jioni. Wamebaki watatu na siku tano za kazi. Jana alikuwa anatembea koridoni na ile karatasi, akaulizwa mbona hata nguo ya sherehe hajashona.

“Mie nastaafu,” alisema. “Hawa hawajastaafu kuumwa.”

Sista Apolonia, asante kwa miaka yote, na asante zaidi kwa ile siku uliyokuja mezani tukiwa tunakunywa chai na hukutusikiliza. Mungu akupe afya, shamba la Muleba likuitikie, na wajukuu wakuzoee. Majina matatu yaliyobaki tumegawana: Jenipher moja, mwenzetu Brightson moja, na la tatu, la Kigogo, amelichukua Wilfred. Anatoka leo mchana.