Kalisti wa Peterbilt, Aliyesubiri Kuitwa

Karibuni, wasikilizaji wapendwa, popote mlipo. Aliye Dallas, aliye Fort Worth, aliye Houston, na wewe uliye barabarani katikati ya miji hiyo ukinisikiliza kwa simu uliyoibandika kwenye dashibodi. Mimi ni Majaliwa. Leo tunamkumbuka mzee wetu Kalisti, Baba Queen, dereva na mwenye lori. Amefariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake Richardson, akiwa na miaka sitini na tatu. Moyo ulisimama akiwa usingizini.

Kwa kawaida kipindi hiki nakisoma kwenye karatasi. Leo sina karatasi. Nilianza kuandika mara tatu, na mara zote tatu nikajikuta namwaga sifa za marehemu ili nisijitaje mwenyewe. Basi nitasema tu, na nikikwama mnivumilie. Nina aibu, ndugu zangu. Fundi mitambo wetu ameniona naingia hapa studio akaniuliza kama naumwa.

Mzee Kalisti ameacha mjane, Natalia, ambaye wote tunamwita Mama Natalia, na binti mmoja, Queen. Queen ni muuguzi, anaishi Katy, karibu na Houston, na mume wake. Mazishi ni Jumamosi hii, na Queen amesema hatasimama kumsemea baba yake. Sababu yake ni moja tu: baba hakuja kwenye send-off yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Miaka saba amelibeba jambo hilo. Miaka saba, wasikilizaji. Na jambo lenyewe si kweli. Nitawaambia nimejuaje, lakini kwanza mumjue mzee.

Kalisti alitoka Rombo. Alifika Texas mwaka 1998, na miaka saba ya mwanzo aliendesha malori ya watu. Mwaka 2005 akanunua la kwake. Peterbilt. Wengine tunaliita Pita, kwa ufupi na kwa mapenzi.

Kwa msioyajua malori, nieleze kidogo. Peterbilt ilianzishwa mwaka 1939 na mtu wa mbao wa jimbo la Washington, aliyetaka magari ya kumtolea magogo porini. Ndiyo asili yake, magogo. Tangu mwaka 1980 yanaundwa pia hapa jirani, Denton. La Kalisti lilikuwa 379, lile la pua ndefu na mabomba mawili ya moshi yaliyosimama nyuma ya kichwa. Jekundu. Lilikuwa la mwaka 1996, kwa hiyo alilipata likiwa limeshakula barabara. Alilinunua kwa mzee mmoja wa Fort Worth aliyekuwa anastaafu. Yule mzee alimkabidhi funguo, akaenda hatua kumi, akarudi kulishika boneti mara ya mwisho. Kalisti alipenda sana kukisimulia hicho kisa.

Mama Natalia aliwahi kuniambia, hapa hapa kwenye redio, "Nilidhani nimeolewa peke yangu. Kumbe nina mke mwenza, tena mwekundu." Na alikuwa na haki ya kulalamika. Kila Jumapili baada ya misa mzee alivua shati la kanisani akaenda kupiga grisi. Tena haikuwa karibu. Mtaa wao haukuruhusu lori kuegeshwa mbele ya nyumba, hivyo alilipangishia nafasi kwenye yadi moja kusini mwa Dallas, na alikuwa anaendesha Corolla nusu saa kwenda kuliona. Kulisalimia, alisema. Watu walimshauri auze, anunue jipya lenye kompyuta. Alijibu kwamba kompyuta ikiharibika unamwita fundi, lakini Pita akiharibika unamuuliza mwenyewe.

Na aliharibika. Julai moja alichemsha karibu na Corsicana, mpira wa maji umepasuka, jua linachoma. Kalisti aliufunga kwa mkanda, akajaza maji ya kunywa aliyokuwa nayo yote, akasogea taratibu mpaka gereji. Kesho yake asubuhi mzigo ulikuwa Houston. Kiu ilimshika siku ile mpaka sauti ikakauka, lakini mteja hakujua lolote.

Likizo za shule Queen alikuwa anapanda naye. Miaka kumi na miwili, miguu haifiki vizuri sakafuni, anahesabu mabango kutoka Dallas hadi Houston. Siku moja akamuuliza, "Baba, nikiolewa utanipeleka na hili?" Mzee akamwambia, "Nitautangulia msafara nalo. Na nitalipamba mwenyewe." Haya nimesimuliwa na Mama Natalia. Mimi wakati ule nilikuwa sijui. Ningejua, sijui kama ningefanya tofauti. Ningependa kusema ndiyo.

Sasa tufike kwenye send-off.

Ilikuwa Agosti 2018, kwenye ukumbi mmoja hapa Richardson. MC nilikuwa mimi. Wengi mnanijua kwa kazi hiyo kuliko hii ya redio. Na sisi MC tuna ugonjwa wetu. Hatuwezi kuitaja kazi ya mtu tukaiacha ilivyo. Karani wa benki tunamwita mtaalamu wa fedha. Anayeosha wazee kwenye nyumba za kulelea tunamwita daktari mtarajiwa. Watu wanacheka, wanapiga makofi, tunaendelea. Upande wa bwana harusi walikuwa watu wa Houston, wahandisi na madaktari, na wiki nzima walikuwa wananipigia kuulizia ratiba. Mmoja akauliza baba wa binti anafanya kazi gani. Nikasema, bila kupepesa macho, "Ni mkurugenzi wa kampuni ya usafirishaji."

Hakuna aliyeniagiza. Kalisti hakuniagiza, Queen hakuniagiza. Neno hilo nililitoa mwenyewe, na lilinipendeza mdomoni.

Siku yenyewe wakwe walikuwa wanategemewa saa nane mchana. Saa saba na nusu nimesimama mlangoni na suti yangu, nikasikia muungurumo. Pita anaingia kwenye maegesho. Kichwa kitupu, bila tela. Mzee alikuwa ameshusha mzigo Houston asubuhi na kuja moja kwa moja. Na alikuwa amelipamba. Sare yetu ilikuwa zambarau na fedha, basi alifunga riboni za zambarau kwenye vioo vya pembeni na kwenye mabomba yote mawili. Zambarau juu ya nyekundu. Haikupendeza hata kidogo. Yeye alikuwa anang'aa.

Akashuka na ovaroli lake, mikono ina mafuta. Akaniambia, "Majaliwa, nimewahi. Binti bado yuko nyumbani? Nikaoge haraka, suti ninayo humu ndani, halafu nikautangulie msafara."

Nikamwambia, "Mzee wangu, haiwezekani. Wakwe wanaingia sasa hivi. Nimewaambia wewe ni mkurugenzi."

"Mkurugenzi wa nini?"

"Wa kampuni."

"Kampuni ndiyo hii," akasema, akaligonga lori kwa kiganja, akacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama barabarani kama wakwe wametokea. Nikamwambia alipeleke lile lori kituo cha mafuta, kama maili mbili hivi, kule wanakoegesha malori. Aoge huko, avae, asubiri. Nitampigia simu na kumtumia gari zuri la kumleta, aingie kwa heshima. Nilitumia neno hilo, heshima. Alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Sawa. Wewe ndiye mwenye ratiba." Akapanda, akarudi nyuma polepole ili riboni zisinase kwenye mti.

Sikumpigia.

Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojificha miaka yote. Mwanzoni nilikuwa na shughuli nyingi. Huo ndio ukweli wa saa ya kwanza. Wakwe wakafika, msafara ukafika, vigelegele, picha. Saa tisa ikawa zamu ya wazazi kuingia. Watu wamesimama, muziki unalia, baba hayupo. Nikashika kipaza sauti nikasema, "Baba mzazi amekwama kikazi Houston, anaomba radhi." Nikishasema hivyo, ningemtoa wapi tena? Angeingia mtu aliye Houston? Simu yangu ilikuwa mezani. Iliwaka jina lake. Ikawaka tena. Mara nne, wasikilizaji, na mara ya nne niliigeuza kifudifudi.

Ikafika keki ya wazazi. Mnajua wenyewe, binti anawapigia magoti wazazi na kuwalisha. Queen alimlisha mama yake. Halafu akachukua kipande cha baba, akaenda nacho mbele ya kile kiti kitupu, akasimama. Akatazama mlangoni. Kamati ya sherehe ikamsukuma baba mdogo aje akae, akalishwa yeye. Mimi nikatangaza makofi.

Kalisti aliwaambia nyumbani kwamba mzigo ulichelewa kushushwa. Jumapili iliyofuata nilimvizia nje ya kanisa. Nikasema, mzee, kosa langu, nitawaeleza. Akanishika mkono akanivuta pembeni. "Usiseme," akaniambia. "Ukisema, wale watajua binti yangu aliingia kwao kwa uongo. Ndiyo kwanza anaanza maisha. Mwache." Nikamuuliza, na Queen je? Akasema, "Mtoto hanuni milele. Nitaongea naye yakipoa."

Unajua nilijisikiaje? Nilifurahi. Nilirudi kwenye gari langu mwepesi kabisa. Miaka saba nimekula kwake Krismasi, nimemwona Queen akimsalimia baba yake kwa kichwa tu kama mtu wa benki, na nimeongeza wali.

Alhamisi nilikuwa msibani, nyumbani kwao. Otieno alikuwepo, Mkenya, dereva mwenzake wa siku nyingi. Watu wakawa wanakumbushana visa. Otieno akasema, "Mimi nakumbuka siku moja nilimpata hapa kwa truck stop, Saturday mchana, amevaa suti, tai, kila kitu. Amekaa kwa step ya ile Pita, ma-ribbon zimefungwa kila mahali. Nikamuuliza, mzee, unangoja nini kwa hii jua? Akaniambia, nangoja kuitwa. Nika-fuel, nikakula, nikaoga, nikatoka. Almost three hours. Bado alikuwa hapo." Akatikisa kichwa. "Nilishindwa kumuuliza. Nani alikuwa anafaa kumuita?"

Mimi nilikuwa natazama chai yangu. Hakuna aliyenitazama, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Queen alikuwa jikoni, hakumsikia Otieno. Alipotoka, shangazi mmoja akamwuliza nani atamsemea baba Jumamosi. Akajibu kwa upole, "Mtafute mtu mwingine, auntie. I can't stand there and lie. Baba alichagua lori, mimi nilikubali. It's fine."

Basi leo asubuhi nikampigia Mama Natalia. Nikamweleza yote, kama nilivyowaeleza ninyi. Akasema, "Majaliwa, kila Agosti nilikuwa namnunia. Mwezi mzima. Na yeye ananipikia." Nikamwomba nije nimwambie Queen faraghani. Akakataa. "Uongo uliusema kwenye kipaza sauti, watu mia mbili wanasikia. Na kweli iseme kwenye kipaza sauti. Nitahakikisha anasikiliza."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa Mama Natalia, kwa Queen, kwa mume wake na familia yao ya Houston, kwa ndugu wa Rombo, na kwa madereva wote waliokuwa wanapungiwa mkono na lile lori jekundu barabarani. Kwa wakwe nasema hivi: hamkudanganywa na Kalisti wala na binti yake. Mlidanganywa na mimi. Alikuwa dereva, na lori lilikuwa lake.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Nani tulimwambia asubiri nje kidogo, tukijua moyoni hatutamwita? Wapo. Kwenye harusi zetu, kwenye vikao vyetu, kwenye picha tunazotuma nyumbani. Kama bado anapumua, usingoje kipindi kama hiki.

Jumamosi saa nne asubuhi, kanisani Richardson. Nilikuwa nimepangwa kuwa MC wa mazishi. Nimejitoa. Nimeiomba familia nafasi ya mtoto kumsemea baba isipewe mtu mwingine. Ibaki wazi, hata kama itabaki kimya.

Queen, mwanangu, najua mama yako amekuwekea redio. Mzigo haukuchelewa. Baba yako alikuja. Alifika nusu saa kabla ya wageni, na mimi ndiye niliyemrudisha.