Mwalimu Aliyesubiri Majibu

Nilimwona marehemu mke wangu kwa mara ya kwanza Jumatatu, tarehe 6 Februari 1995, saa nne asubuhi, katika darasa la tano. Mimi nilikuwa seremala wa shule, nimepiga magoti naranda mlango uliokwama. Akasimamisha somo. "Fundi, kwa nini mlango huu unakwama wakati wa mvua tu?" Darasa zima likanigeukia. Niliishia darasa la saba, na katika miaka yote saba sikuwahi kunyoosha kidole. Nikainamia randa yangu. Watoto wakaanza kucheka.

"Msicheke," alisema. "Fundi, mimi sikuharakishi."

Nilikusanya vifaa nikaondoka. Kesho yake nilisimama dirishani nikamwambia, "Mwalimu, mbao inakunywa maji, inanenepa." Aliandika ubaoni vile vile, na chini yake akaandika: Fundi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Septemba 1968 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa mshika bendera wa stesheni. Akiwa na miaka minane alichapwa shuleni kwa kuuliza kwa nini vyuma vya reli vimeachiwa nafasi. Baba yake alimpeleka relini asubuhi, akamrudisha tena saa nane mchana, nafasi ikiwa imebana. "Chuma kikipata jua nacho kinajinyoosha," alimwambia. Alisoma shule ya msingi hapo relini, sekondari katika bweni la wasichana, kisha chuo cha ualimu alichomaliza mwaka 1990.

Alifundisha sayansi katika shule moja tu. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, aliendesha chemsha bongo: upande wa dirisha dhidi ya upande wa mlango. Maswali yalitoka jikoni na uani. Kwa nini maziwa yakichemka yanafurika? Kwa nini mpini wa sufuria ni wa mbao? "Upande wa mlango mmefungwa kufuli!" wenzao waliwazomea. Mzazi mmoja alikuja kushtaki. "Mwalimu, huyu mtoto kanimalizia vitunguu. Anavikata ndani ya maji, eti asilie."

"Na alilia, mama?"

"Hakulia. Nimelia mimi."

Tulifunga ndoa tarehe 21 Desemba 1996, tukajaliwa mabinti wawili. Kila Alhamisi jioni mimi ndiye nilikuwa mtahiniwa wake. Swali ambalo sikulielewa alilichana akaandika jingine. "Ukielewa wewe, wataelewa," alisema. Mabinti waliokuwa wakisikiliza walinitania: "Baba, umefeli tena."

Ijumaa tarehe 17 Mei 2013 alikuja mkaguzi. Alikaa nyuma, akafurahi, akasema, "Niulizeni na mimi." Binti wa dobi akasimama. "Shikamoo mzee. Nguo ikilowa inakuwa nyeusi zaidi, na maji hayana rangi. Kwa nini?" Mkaguzi akajibu kwamba rangi inayeyuka. "Samahani mzee, mbona ikikauka inarudi?" Darasa likacheka. Marehemu aliwanyamazisha, akaeleza kwamba maji yanajaa kati ya nyuzi, mwanga unazama humo, haurudi wote machoni. Lakini mkaguzi alikwishafunga daftari lake. Aliandika kwamba mwalimu aliwatuma watoto wamdhalilishe mkubwa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ofisi ya mkaguzi ilisema ni utovu wa adabu.

Siku hiyo nilikuwa darasani nikibadilisha kioo cha dirisha. Jumatatu iliyofuata niliitwa ofisini. Marehemu alikuwa amesimama pale. Mwalimu mkuu akaniuliza, "Fundi, ulikuwepo. Mkaguzi aliomba kuulizwa, au mwalimu alimtuma mtoto?" Wote wakanitazama. Nikatazama viatu vyangu. Nikasema, "Nilikuwa na kioo, sikusikia vizuri."

Chemsha bongo ikapigwa marufuku, na marehemu akapelekwa stoo kubandika majalada ya vitabu vilivyochanika. Watoto walimfuata dirishani na maswali yao. Nikaamriwa kuziba dirisha lile kwa mbao. Nilipigilia mwenyewe, yeye akiwa ndani. "Kaza, fundi," alisema. "Ukilegeza watakurudisha." Jioni alinipakulia chakula kama kawaida. Hakunilaumu siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na heri angenilaumu.

Alikaa stoo miaka tisa. Shada lililo mbele yenu shule imeliandika "Mwalimu wa mfano". Mfano huo walikuwa nao, wakaupigilia mbao, na misumari ilikuwa yangu.

Kikohozi kilimwanza mwaka 2020. Mwaka 2022 hakuweza tena kupanda ngazi za stoo. Hospitalini walisema mapafu yamekakamaa. Niliuliza kama ni vumbi la stoo. Daktari alisema mambo ni mengi. Mimi si daktari, ila vumbi lile nililifagia mara nyingi, nalijua. Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, wodi namba sita, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Ameacha mama mzazi, kaka wawili, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na mimi mume wake. Ameacha pia darasa la tano la mwaka 2013. Nawaona mmesimama nyuma, mmekuwa watu wazima. Binti wa dobi, hukukosa adabu.

Apumzike sasa, kwa amani ambayo sisi hatukumpa.

Mwalimu mkuu wa siku zile, uko kiti cha mbele, na swali lako sijalijibu. Jibu ni hili: mkaguzi aliomba mwenyewe. Nilisikia neno kwa neno. Marehemu hakumtuma mtoto yeyote.

Limechelewa, najua. Jumatatu jioni, siku moja kabla hajafariki, nilikaa kitandani kwake nikaanza, "Mama watoto, siku ile ofisini..." Maneno yakanikwama. Alingoja. Kisha akanishika mkono, akasema, "Mimi sikuharakishi."