Viatu vya Karani

Tulikuwa tunavuka mto Lualaba kwenda Kindu, na Wazungu walikuwa hawajamaliza mwaka wa pili bomani. Mbele yangu alikaa Feruzi, karani mpya wa boma, ambaye tangu tupande mtumbwi alikuwa hajaacha kupangusa viatu vyake. Kando yake alikuwa mama mmoja wa upande wa Mikelenge, ng'ambo ya pili, anarudi nyumbani na kikapu cha mihogo. Hawakujuana, lakini mto ule ni mpana, na njiani maneno hayakosi.

“Watu wameendelea, mama,” alisema Feruzi. “Zamani sultani wenu alikuwa anabebwa mugongoni sawa mutoto. Muntu kumupanda muntu mwenzake, ule njo ulikuwa ushenzi.”

“Alibebwa kwenye maji tu, bwana,” mama akajibu. “Alivaa ngozi ya chui, na ngozi ikiloa inaharibika.”

“Kisingizio hicho. Leo sheria iko, kila muntu anatembea na miguu yake.”

Mama aliitazama miguu yenyewe. “Mavazi yamebadilika,” alisema. “Hiyo ninaona.”

Karibu na ukingo mtumbwi ukakwama kwenye matope. Mpiga kasia akashuka majini na, bila kuambiwa, akamgeuzia karani mgongo. Feruzi aliyatazama maji, akavitazama viatu, akapanda.

“Ni sababu ya viatu, mama,” alisema akiwa huko juu. “Ni vya ngozi.”

“Ndiyo, bwana,” mama akasema. Alikunja nguo yake, akajitwika kikapu, akashuka majini.

Mimi nilibaki nimekaa, nikimngoja mpiga kasia arudi.