Elinipa na Kazi ya Kila Mtu

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Elinipa ametutoka. Ndiyo, yule yule Elinipa wa Kikatiti, mama Brayson, mwenyekiti wa kamati ya mfereji. Sauti yake ilifika Usa River bila simu.

Mnakumbuka mradi wa majaribio ulipokuja: kila asiye na kazi apewe kazi ya kusafisha mfereji, na alipwe. Kazi kwa kila mtu, tena ya malipo. Nani angeamini? Sisi tumezoea msaragambo: unachimba bure, na usipotokea unatozwa faini. Ndiyo maana jirani yake Jackline, ambaye mgongo ulimsumbua hata kuinama hawezi, alikuja siku ya malipo na kuku kwapani. Kaleta faini ya kutochimba!

"Mama alicheka hadi akakaa chini," anasimulia Brayson. "Halafu machozi yakamtoka. Akasema, 'Huyu ndiye anayehitaji kuliko sote, na ndiye anayetulipa sisi.'"

Kuku akarudishwa. Elinipa akamfuata msimamizi, Lemomo. Akataka Jackline alipwe kwa kuangalia watoto wa wachimbaji. Lemomo akagoma.

"Mama, kukaa na watoto siyo kazi."

"Sawa, baba. Leo kaa nao wewe."

Akakaa nao. Jamani! Chai ya saa nne haijafika, mmoja kaingia topeni, wawili wanagombania kofia ya msimamizi, naye anaita, "Mama Brayson, njoo! Nimekubali, hii ni kazi!" Jackline akaandikishwa, akalipwa sawa na mwenye jembe.

Wapo wanaosema kumhakikishia mtu kazi ni kumdekeza. Mimi hilo linaniudhi. Waje waone mfereji ulivyo safi, maji yanavyofika mashamba ya chini. Sasa vijiji jirani navyo vinaomba mradi.

Brayson, mkeo Nancy na ukoo mzima, poleni sana. Tumeumia pamoja nanyi.

Nawe unayenisikiliza, mfikirie jirani yako ambaye umeshaamua kwamba hawezi. Jana makaburini Jackline alisimama mbele yetu, wima, akasema: "Wote mliniambia nipone kwanza, ndipo nitafute kazi. Elinipa alinipa kazi, nikapona."